Nani Alilea Watoto wa Wakubwa? Dini na Madaraka kwa Wakelti wa Kale

Mwenyekiti, walimu wangu, wanafunzi, na ninyi mliokuja kwa sababu mmesikia kuna mhadhara na chai baada yake: nawasalimu nyote, na asanteni kwa kufika.

Mada niliyopewa ni Wakelti wa kale, dini yao na watawala wao. Najua wapo wanaojiuliza Wakelti ni kina nani. Wengi wenu mmekwisha kuwataja bila kukusudia, kila mnapofungua Agano Jipya kwenye Waraka kwa Wagalatia. Jina hilo limetokana na makabila ya Kikelti yaliyovuka kutoka Ulaya mwaka 278 KK, yakalowea katikati ya nchi tunayoiita leo Uturuki. Strabo, mwanajiografia wa Kigiriki, anasema makabila hayo yalikuwa matatu, na baraza lao la watu 300 lilikutana mahali palipoitwa Drunemeton kuamua kesi za mauaji. Wenzao walienea Galia, ambayo kwa sehemu kubwa ndiyo Ufaransa ya leo, na Uingereza, Ireland, Hispania na kaskazini ya Italia. Hawakuwa taifa moja, wala hawakuwa na mfalme mmoja, na sidhani kama walijiona ndugu kwa namna ambayo maduka ya watalii yanapenda kutuuzia siku hizi. Walikaribiana kwa lugha zenye asili moja, na kwa jinsi walivyopanga jamii zao: mabwana wenye farasi na silaha, wenye elimu ya dini ubavuni mwao, na chini yao wakulima, wadaiwa na watumwa.

Swali langu jioni hii ni moja. Dini ya watu hawa ilipobadilika, madaraka yalikwenda wapi? Vitabu vingi hujibu kwa kuorodhesha miungu, yupi alikuwa wa radi, yupi wa farasi. Orodha hizo zimenichosha. Mimi nasema, ukitaka kujua madaraka yamehamia wapi, acha kwanza habari ya nani aliabudiwa. Uliza watoto wa wakubwa walikuwa wanalelewa na nani.

Mwanzo wa habari nitaupita upesi, kwa kuwa huko hatuna maandishi, tuna makaburi. Mwaka 1953, huko Vix nchini Ufaransa, lilifukuliwa kaburi la mwanamke aliyezikwa karibu na mwaka 500 KK. Alizikwa na gari la magurudumu, pambo la shingoni la dhahabu, na mtungi wa shaba nyeusi uliotengenezwa na Wagiriki, wenye kimo cha mita 1.64, uzito unaopita kilo 200, na nafasi ya lita 1,100. Kinywaji cha lita 1,100 hakinywewi na mtu mmoja. Ni karamu ya eneo zima, na ukoo wake ulikubali kuufukia mtungi huo ardhini ili watu wajue ukoo huo ni nani. Karne mbili baadaye makaburi ya fahari kama hiyo yametoweka sehemu zile, na badala yake tunakuta mahali pa ibada pa jamii nzima. Gournay-sur-Aronde, kaskazini ya Ufaransa, palikuwa na uwanja uliozungushiwa handaki. Ng'ombe wazee walitolewa dhabihu, mizoga ikaachwa ioze shimoni. Silaha zipatazo 2,000 zimeokotwa pale, nyingi zimekunjwa makusudi zisitumike tena. Mali haikuzikwa tena na mkubwa mmoja, iliwekwa mbele ya watu wote. Na penye uwanja wenye lango, lazima alikuwapo wa kuamua nani aingie na nani abaki nje.

Tukifika karne ya kwanza KK tunamkuta mtu wa kazi hiyo amekwisha kuwa na jina: druidi.

Julius Caesar, aliyeivamia Galia kuanzia mwaka 58 KK, aliandika kwamba huko watu wanaohesabika ni wa aina mbili tu, madruidi na wapanda farasi. Mtu wa kawaida alihesabiwa karibu sawa na mtumwa. Wengi walilemewa na madeni na kodi hadi wakajitia wenyewe chini ya mabwana. Madruidi walisimamia dhabihu, na pia waliamua mashauri ya mauaji, mirathi na mipaka ya mashamba. Asiyetii hukumu yao alizuiwa kufika kwenye dhabihu. Msiione adhabu hiyo ndogo. Aliyezuiwa, anasema Caesar, watu walimkwepa njiani wasije wakapatwa na nuksi yake, akidai haki hasikilizwi, na heshima yoyote hapewi. Hapakuwa na haja ya askari. Majirani walitosha.

Madruidi hawakwenda vitani na hawakulipa kodi. Kwa hiyo vijana walimiminika kwao, wengine kwa hiari, wengine wakipelekwa na wazazi na jamaa zao. Wapo waliokaa huko miaka 20 wakikariri beti, maana mafundisho hayo yalikuwa marufuku kuandikwa, ingawa kwa shughuli nyingine watu walitumia herufi za Kigiriki. Caesar alikisia kwamba walikataa kuandika ili elimu isivuje kwa watu wa kawaida, na ili wanafunzi wasizembee kukariri. Huenda. Lakini fikirieni pia hili: elimu isiyoandikwa haiwezi kubebwa mkobani. Anayeitaka lazima aje akae nyumbani kwako. Na kijana wa kibwana aliyekaa kwako miaka 20, akirudi kwao kutawala, anatawala kwa akili uliyomjaza wewe. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Ni kweli kwamba Caesar ni shahidi mwenye kesi yake mwenyewe. Alitaka Roma iamini kuwa anapigana na watu wenye utaratibu, wanaofaa kutawaliwa. Lakini tunaye mtu mmoja anayetusaidia kumpima. Diviciacus, mkubwa wa kabila la Aedui, alikwenda Roma kuomba msaada, akakutana na Cicero, mwanasiasa na mwandishi wa Kirumi, na Cicero ameandika waziwazi kwamba mgeni huyo alikuwa druidi aliyedai kuijua elimu ya maumbile na kutabiri. Caesar alisafiri na Diviciacus, akapata ushauri wake, na hakuna mahali popote alipomwita druidi. Katika kitabu chake ni mwanasiasa tu. Kwangu hilo linasema mengi: ukimtazama druidi kwa karibu, barazani, ulimwona mkubwa kama wakubwa wengine.

Na mdogo wake? Dumnorix. Huyu alikuwa amekodi ushuru na kodi zote za Aedui kwa bei ya kutupa, kwa kuwa mnadani alipotaja bei yake hakuna aliyethubutu kupandisha. Kwa mapato hayo alilisha kikosi chake cha wapanda farasi. Akamwoza mama yake kwa mkubwa wa kabila jingine, ndugu zake wa kike akawaozesha kwingine. Basi katika nyumba moja mkubwa ameshika elimu ya mambo matakatifu, mdogo ameshika forodha. Anayetaka kutenganisha dini na siasa kwa Wakelti ana kazi kubwa mbele ya ndugu hawa wawili. Dumnorix aliuawa na wapanda farasi wa Caesar mwaka 54 KK, akipaza sauti kwamba yeye ni mtu huru wa nchi huru.

Miaka miwili baadaye Aedui waligawanyika kuhusu nani awe mtawala wao wa mwaka. Caesar aliingilia na kumpa nafasi Convictolitavis, kwa hoja kwamba ndiye aliyewekwa na makuhani kwa mila za nchi. Mvamizi akaheshimu saini ya makuhani! Mwaka uleule Convictolitavis akamgeuka.

Sasa Roma imeshinda. Ilifanya nini na madruidi? Watu hukimbilia habari ya mapanga, na nitaifikia. Lakini mapanga hayakuwa ya kwanza. Kwanza, Augustus, Kaizari wa kwanza wa Roma, aliwakataza raia wa Roma kushiriki dini ya madruidi. Lilionekana jambo dogo, kumbe mwana wa bwana aliyetaka kupanda cheo alihitaji uraia, kwa hiyo akalazimika kuchagua. Pili, mwaka 12 KK ilizinduliwa altare ya Roma na Augustus huko Lugdunum, ndiyo Lyon ya leo, mahali pa wajumbe wa makabila yote ya Galia kukutana kila mwaka. Kuhani wake wa kwanza aliitwa Gaius Julius Vercondaridubnus. Sikilizeni jina hilo: mwanzo wake ni wa nyumba ya Caesar, mwisho wake ni wa Kigalia kabisa. Na alikuwa mtu wa Aedui, kabila lilelile la Diviciacus. Roma haikuwanyima wakubwa wa Galia ukuhani, iliwapa mwingine, wenye joho jipya na njia iliyonyooka hadi kwa Kaizari.

Tatu, na hapa ndipo penye kiini, ilifunguliwa shule. Mji mpya wa Aedui, Augustodunum, siku hizi Autun, ulikuwa mahali ambapo watoto wa wakubwa wa Galia nzima walisomeshwa Kilatini na elimu ya Kirumi. Tunalijua hili kwa sababu ya fujo. Mwaka 21 BK mtu wa Aedui aitwaye Sacrovir aliasi, na jambo la kwanza alilofanya, kwa maelezo ya Tacitus, mwanahistoria wa Kirumi, ni kuuteka mji huo ili awashike wanafunzi, apate kuwavuta wazazi na jamaa zao upande wake. Sacrovir hakusoma nadharia yoyote ya siasa, lakini alijua kitu cha kushika. Hakushika hazina wala hekalu, alishika darasa.

Uasi ulizimwa. Mwandishi wa zamani zilezile, Pomponius Mela, anasema madruidi bado walifundisha vijana bora wa kabila, lakini sasa kwa siri, mapangoni na msituni kusikofikika, kwa miaka hadi 20. Hebu mzazi wa kibwana apime: ampeleke mwanawe pangoni miaka 20 atoke na elimu isiyompa cheo chochote, au Autun, atoke na Kilatini? Mwaka 48 BK Kaizari Claudius alisimama mbele ya Seneti kutetea wakubwa wa Galia waingie humo, na waliotangulia kukubaliwa walikuwa Aedui. Claudius huyohuyo ndiye anayetajwa kuwa alipiga marufuku kabisa dini ya madruidi. Mlango mmoja ulifunguliwa, mwingine ukapigwa misumari, na mkono ni uleule.

Mapanga yalikuja Uingereza. Karibu na mwaka 60 BK jeshi la Suetonius Paulinus lilivuka kwenda kisiwa cha Mona, pwani ya Wales. Tacitus anasimulia madruidi wamesimama ufuoni, mikono juu, wakiapiza, na wanawake waliovaa nguo nyeusi wakikimbia huku na huku na mienge. Askari waliduwaa kidogo, kisha wakasonga mbele, wakaua, na baadaye wakakata miti ya misitu mitakatifu. Masimulizi haya yamewafanya watu waamini kwamba madruidi waliangamia pale ufuoni. Kwa Galia walikuwa wamekwisha kushindwa darasani.

Na kuna ushahidi mtamu wa jinsi mambo yalivyoisha. Katika karne ya 4 mshairi Ausonius wa Bordeaux aliandika beti za kuwakumbuka walimu wa mji wake. Mmoja wao, Attius Patera, mwalimu maarufu wa ufasaha wa kusema, alisemekana kuwa wa uzao wa madruidi wa Bayeux. Mzee Phoebicius, wa nasaba hiyohiyo, alikuwa mtunzaji wa hekalu la mungu Belenus, kazi ambayo haikumpatia kitu. Akapata kiti cha ualimu Bordeaux kwa msaada wa mwanawe. Miaka 300 baada ya marufuku, watu wa nasaba ya madruidi bado wanafundisha watoto wa wakubwa. Wamebadili somo tu.

Tuvuke bahari twende Ireland, ambako majeshi ya Roma hayakukanyaga kutawala.

Hapa hapakuwa na Kaizari wa kukataza wala wa kufungua shule. Palikuwa na vitawala vidogo vingi, zaidi ya 100, kila kimoja na mfalme wake. Sheria zao, zilizoandikwa katika karne ya 7 na ya 8, zinaonyesha jamii iliyopima kila mtu kwa bei ya heshima yake, yaani fidia anayostahili akikosewa. Na ilikuwa jamii ya kulea watoto wa wenzao: mtoto alipelekwa nyumba nyingine akue huko, kwa ada. Ada ya mwana wa mfalme ilikuwa mara 10 ya ada ya mwana wa mkulima mdogo. Maelezo yaliyoongezwa baadaye kwenye sheria hiyo yanaingia hadi jikoni: wote watalishwa uji, ila wa mtoto wa tabaka la chini utapikwa kwa maji au kwa maziwa yaliyokwisha tolewa siagi, wa mtoto wa bwana kwa maziwa mabichi, na wa mwana wa mfalme utatiwa asali. Mtoto alijua ukubwa wa baba yake kwa ulimi wake, kabla hajajua kuhesabu ng'ombe.

Mwaka 431 Papa Celestine alimtuma Palladius awe askofu wa kwanza wa watu wa Ireland waliokwisha mwamini Kristo. Kwa hiyo waumini walikuwapo kabla ya askofu. Lakini sauti tunayoisikia wenyewe ni ya Patrick, kijana wa Uingereza, mwana wa shemasi, aliyetekwa akiwa na umri wa karibu miaka 16 na kuchunga mifugo ya watu utumwani Ireland kwa miaka sita. Alitoroka, akarudi baadaye akiwa mhubiri.

Alipozeeka aliandika kujitetea dhidi ya watu waliomtuhumu, na katika utetezi huo anatuonyesha, bila kupamba, uinjilisti ulivyogharimu. Alikuwa akiwapa wafalme zawadi. Juu ya zawadi, aliwalipa ujira wana wa wafalme waliosafiri pamoja naye. Hata hivyo siku moja alikamatwa na wenzake, wakanyang'anywa kila kitu, naye akafungwa minyororo siku 14. Waliokuwa na kazi ya kuhukumu katika sehemu alizozitembelea aliwalipa, kwa makisio yake mwenyewe, si chini ya bei ya watu 15. Penye udhia penyeza rupia, na Patrick hakuona aibu kulitamka hilo. Kinachonishika ni kipimo chake. Aliyewahi kuwa mtumwa anakadiria gharama za Injili kwa bei ya watu.

Na hao wana wa wafalme barabarani, walikuwa wanafanya nini? Walikuwa ulinzi, ndiyo. Lakini kijana wa mfalme anayelala kambi moja na askofu, anayesikia zaburi asubuhi na jioni, amekwisha ingia katika malezi mengine. Patrick anajivunia kwamba wana na mabinti wa wakubwa wamekuwa watawa. Anamtaja binti mmoja wa ukoo bora, mzuri wa sura, aliyekuja siku chache baada ya kubatizwa akisema anataka kuwa bikira wa Kristo. Halafu anaongeza kwamba mabinti hufanya hivyo baba zao wakipinga na kuwasumbua, na kwamba wanaoteseka zaidi ni walio watumwa, wanaovumilia vitisho bila kukoma. Lazima niseme namheshimu kwa kulikumbuka hilo. Waliomwandika baadaye hawakulikumbuka.

Waliomwandika baadaye walikuwa na shughuli nyingine. Muirchú, mwishoni mwa karne ya 7, anamfanya Patrick awashe moto wa Pasaka kabla mfalme Lóegaire hajawasha wake kule Tara. Madruidi wanamwambia mfalme: moto huo usipozimwa usiku huu, hautazimika milele. Ni hadithi ya kanisa lililokwisha shinda, linalotaka Armagh, kanisa lililojiita la Patrick, liwe juu ya makanisa mengine. Lakini ndani yake kuna kitu kidogo kisichopaswa kutupita. Patrick anapoingia ukumbini, wote wamekatazwa kusimama. Anasimama mmoja tu, Dubthach, malenga, na pamoja naye yupo mwanafunzi wake, kijana Fiacc. Fiacc huyo baadaye akawa askofu wa Sletty. Na Muirchú aliandika kitabu chake kwa kuombwa na Áed, askofu wa Sletty. Unganisheni wenyewe. Malenga na kanisa walikwisha elewana, na mkataba wao ulikuwa ni mwanafunzi aliyetoka chuo kimoja akaingia kingine.

Kwa maneno mengine, Ireland haikuwafukuza madruidi, iliwagawa. Hukumu zilikwenda kwa mahakimu wa mila. Nasaba, sifa na laana za ushairi zilibaki kwa malenga, na malenga mkuu alipewa bei ya heshima sawa na mfalme wa kitawala. Sala, dhabihu ya misa na kumshauri mfalme vilikwenda kwa askofu, naye bei yake sawa na ya mfalme. Druidi akabaki na nini? Sheria moja inayohusu matunzo ya aliyejeruhiwa inatujibu kwa ukatili wa karani. Ukimjeruhi mtu ulitakiwa umtunze na kumlisha kwa kadiri ya cheo chake. Ila druidi, pamoja na mtukanaji wa mashairi na mnyang'anyi, atatunzwa kama mkulima wa kawaida mwenye ng'ombe wake, hata awe na cheo kikubwa namna gani. Hawakumchoma wala kumnyonga. Walimpunguzia posho ya ugonjwa.

Ukisoma maisha ya watakatifu kwa jicho la malezi utaona vita hii kila ukurasa. Brigid wa Kildare, katika moja ya masimulizi ya kale kabisa juu yake, ni mtoto wa mtumwa wa kike aliyeuzwa kwa druidi. Analelewa nyumbani kwa druidi lakini chakula cha druidi kinamtoka, hadi apewe maziwa ya ng'ombe mweupe. Columba, wa ukoo wa kifalme wa Cenél Conaill, alilelewa na kasisi, naye mwaka 563 akavuka kwenda kuanzisha monasteri ya Iona, Uskoti.

Huko Uskoti Columba akakutana na druidi aitwaye Broichan, na Adomnán, abati wa tisa wa Iona, anatuambia Broichan alikuwa baba mlezi wa Bridei, mfalme wa Wapikti, watu wa kaskazini ya Uskoti. Sasa mnaona kwa nini ilibidi wapambane. Ugomvi wenyewe haukuanza kwa teolojia. Broichan alikuwa na mtumwa, msichana kutoka Ireland, na Columba akamwomba amwachilie. Akakataa. Columba akasema mbele ya mfalme: usipomwachilia kabla sijaondoka, utakufa. Akashuka hadi mto Ness, akaokota jiwe jeupe. Punde wajumbe wakafika kwa farasi: Broichan ameanguka, gilasi aliyokuwa anainywea imevunjika mkononi, hapumui vizuri, na mfalme anaomba dawa ya baba yake mlezi. Jiwe likatiwa majini likaelea, Broichan akanywa akapona, msichana akaachiliwa. Jiwe likawekwa katika hazina ya mfalme. Na msichana? Adomnán hakutupa jina lake. Jiwe lina habari ndefu kuliko yeye.

Kanisa lililoshinda hivyo halikukaa nje ya ukoo. Maabati wengi wa mwanzo wa Iona walikuwa wa damu ya Columba. Ardhi ya monasteri ililimwa na watu waliofungwa nayo, na abati akawa bwana kama mabwana. Mwaka 764 monasteri za Clonmacnoise na Durrow zilipigana vita, na watu 200 wa Durrow wakauawa. Monasteri mbili! Katika karne ya 9 Feidlimid mac Crimthainn, mfalme wa Munster, alikuwa mtu wa kanisa na mchoma makanisa kwa wakati mmoja.

Hata imani juu ya mfalme ilibaki, ikavaa Kilatini. Maandishi ya kale ya Ireland yanamfundisha mfalme kwamba akiwa mkweli, mavuno yatajaa, ng'ombe watatoa maziwa na samaki watapatikana. Kisha karne ya 7 mtawa wa Ireland anaandika kwa Kilatini orodha ya maovu 12 ya dunia, na chini ya mfalme dhalimu anaweka tufani, matunda kuharibika na ng'ombe kufa. Kitabu hicho kilisomwa hadi kwenye makasri ya wafalme wa Wafranki. Wazo la kale lilitoka Ireland likiwa limebatizwa.

Nimalizie na mwaka 697. Adomnán aliwakusanya maaskofu, maabati na wafalme mjini Birr, wakapitisha sheria ya kuwalinda wasiopigana: wanawake, watoto na watu wa kanisa. Orodha ya wadhamini ina majina 91, likiwamo la Loingsech, mfalme mkubwa wa wakati huo. Si madruidi, si malenga, si mfalme peke yake angeweza kuwakusanya watu hao wote pamoja. Aliyeweza ni abati. Atakayemuua mwanamke atakatwa mkono wa kulia na mguu wa kushoto, kisha auawe, na jamaa zake walipe faini ya vipimo saba. Akikombolewa asiuawe, toba yake ni miaka 14 na faini ni vipimo 14.

Kipimo hicho kilikuwa kile walichohesabia mali kubwa Ireland tangu zamani za madruidi. Kufikia wakati wa Adomnán mara nyingi kililipwa kwa ng'ombe au kwa ardhi, lakini vitabuni kiliendelea kuandikwa kama kilivyokuwa: mtumwa mmoja wa kike.

Naomba niachie hapo, Mwenyekiti, tuingie kwenye maswali.